Nani Yuko Zamu?

Zinapokaribia Idi na Krismasi, polisi nchini Tanzania hutoa tangazo ambalo wazazi wengi wamelizoea: disko toto ni marufuku. Aliyekuwa mdogo mwaka 2008 huenda hajui kwa nini neno hilo dogo linawashtua watu wazima. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto walijazana katika ukumbi wa starehe mjini Tabora kucheza muziki. Ukumbi ukazidiwa, hewa ikawa haba, watoto wakakanyagana. Wapatao 20 walikufa, na sikukuu ya mji mzima ikageuka msiba.

Tangu hapo wazazi wengi wameona heri watoto wacheze nyumbani. Mtoto anaalika wenzake wa darasani na wa mtaani, binamu wanakuja na mama zao, turubai linafungwa uani, sufuria la pilau linapanda jikoni. Mimi ninayefanya kazi ya afya ya watoto naunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Mtoto anahitaji kuwa mwenyeji, kugawa alichonacho, kushindwa mchezo mbele ya rafiki zake na bado akapendwa. Hata hivyo nyumba iliyojaa watu ina hatari yake, na hatari hiyo inatokana na wingi wa watu wazima kuliko uchache wao. Mama yuko na sufuria, baba yuko na wageni sebuleni, shangazi anapokea simu za salamu, dada wa kazi anaosha sahani. Watu wazima kumi wapo, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake anawatazama watoto.

Kwa hiyo nikiulizwa sherehe ya watoto ianzie wapi kupangwa, jibu langu ni zamu. Kabla ya kununua mchele, taja mtu. Awe mtu mzima, jina lake lijulikane na wote, simu ikae mfukoni, na katika muda wake asiwe na kazi nyingine yoyote. Nusu saa ikiisha amkabidhi mwingine kwa maneno, uso kwa uso: "Sasa ni wewe, wako kumi na wanne." Kuwatazama watoto kunachosha kuliko kupika, ndiyo maana zamu iwe fupi. Tena nasema wazi, kazi hii asibebeshwe dada aliyeamka saa kumi alfajiri kumenya vitunguu. Mtu aliyechoka haoni, hata macho yake yakiwa wazi.

Shirika la NSPCC la Uingereza, linaloshughulikia ulinzi wa watoto, hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, mmoja kwa wanne wenye miaka miwili hadi mitatu, mmoja kwa sita wenye miaka minne hadi minane, na mmoja kwa wanane wenye miaka tisa hadi kumi na miwili. Familia nyingi zitaona viwango hivyo ni vikali. Mimi naviona kama njia ya kuamua idadi ya wageni. Ukijua una watu wazima watatu wanaoweza kushika zamu kweli kwa wakati mmoja, unajua pia kwamba huwezi kualika darasa zima la mtoto wako. Alika kumi na watano, wengine waje sikukuu ijayo.

Unapomwalika mtoto, zungumza na mzazi wake, wala usiishie kutuma kadi ya rangi kwenye simu. Muulize umri, muulize nani atakuja kumchukua, kisha muulize kama ana ugonjwa au chakula kinachomdhuru. Kwetu swali hili la mwisho lina uzito wa pekee. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na wengi wao ukiwatazama wakicheza huwezi kuwatofautisha na wenzao. Mtoto huyu akikimbia juani bila kunywa maji, au akikaa muda mrefu kwenye maji ya baridi, chembe zake nyekundu za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa midogo, na jioni analia kwa maumivu ya mifupa. Hana haja ya kuzuiwa kucheza. Anahitaji kikombe cha maji kila baada ya muda mfupi, kivuli, na mtu anayejua kuwa akisema "nimechoka" anasema kweli. Mwenye pumu aje na pampu yake, ikabidhiwe kwa mtu wa zamu. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na maji wala jikoni.

Kuhusu saa, sherehe nyingi za watoto huharibika kwa kufuata ratiba ya wakubwa. Watu wanaanza kukusanyika saa nane, chakula kinapakuliwa saa kumi, keki inakatwa magharibi, na kufikia hapo mtoto wa miaka minne amekwisha kulala chini ya meza au anampiga kila anayemsogelea. Mtoto mdogo ana saa mbili au tatu nzuri, na nyingi ya hizo ziko asubuhi. Siku ya Idi, wakubwa wakisharudi kuswali, saa nne ni wakati mzuri wa kuanza. Wacheze, wale saa sita, waondoke saa saba jua likiwa kali na usingizi umeanza kuwaita. Wenye miaka kumi na zaidi wanaweza kubaki hadi jioni, ila watafutiwe shughuli yao.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watoto wengi wanapoumia bila mtu kujua chanzo. Pilau la sikukuu hupikwa alfajiri katika sufuria kubwa, likafunikwa, likasubiri wageni. Mchele una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukipoa taratibu na kukaa vuguvugu, zinaamka, zinazaana, na baadhi hutoa sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiondoki hata ukipasha chakula tena mpaka kikatoa moshi. Nyama iliyo katikati ya sufuria kubwa nayo hupoa polepole, na bakteria mwingine, Clostridium perfringens, hupenda mazingira hayo hayo. Mtu mzima atapata tumbo la siku moja. Mtoto wa miaka miwili anayetapika na kuharisha anaweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili: kikae moto juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au kiwekwe baridi chini ya nyuzi 5. Mamlaka za chakula za Marekani hupunguza muda huo hadi saa moja joto la nje likizidi nyuzi 32, na mchana wa Desemba Dar es Salaam au Mombasa hukaribia hapo. Maana yake kwa mpishi ni rahisi: pika karibu na saa ya kula. Ikibidi kupika mapema, acha sufuria juu ya makaa ya kutosha, au gawanya chakula katika vyombo vifupi vipoe upesi na kuingia kwenye friji. Kuku aive hadi ndani, mfupa usiwe na wekundu. Kachumbari ikatwe mwisho, kwa kisu na ubao ambao haukugusa nyama mbichi. Na ndoo ya maji yenye bomba, pamoja na sabuni, iwekwe mahali mtoto anapopita kwenda kula, siyo nyuma ya nyumba ambako lazima aagizwe.

Kuna vyakula vya sikukuu ambavyo siviwekei mbele watoto wa chini ya miaka mitano: karanga, korosho, bisi, pipi ngumu, na ubuyu wenye mbegu. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba na meno yake ya nyuma bado hayasagi vizuri. Ubuyu ni hatari hasa, kwa kuwa mtoto anaufyonza huku anakimbia na kucheka, na mbegu inateleza. Soseji ikatwe kwa urefu, wala isikatwe vipande vya mviringo vinavyoziba koo kama kizibo. Zabibu nzima zikatwe hivyo hivyo. Mishikaki itolewe kwenye vijiti kabla ya kufika kwenye sahani ya mtoto. Maputo yaliyopasuka yaokotwe mara moja, maana kipande cha puto kikivutwa na pumzi hujibandika kooni na ni vigumu mno kukitoa.

Mtu wa zamu ajue la kufanya. Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, ukimhimiza. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kusema, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, na mtoto amezidi mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uivute ndani na juu mara tano, kisha rudia mapigo ya mgongoni. Wa chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua mara tano. Wakati huo huo mwingine atafute gari la kwenda hospitali. Usichokonoe koo kwa kidole kama huoni kilichoziba, maana utakisukuma ndani zaidi.

Maji yanahitaji zamu yake peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hufikiria bahari. Nyumbani kwetu kuna ndoo, pipa, simtenki lililofunguliwa, kisima cha uani na shimo la fundi lililojaa maji ya mvua. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kulingana na mwili wake. Akitumbukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujinyanyua, na sentimita chache za maji zinatosha kumuua. Tena anakufa kimya. Hapigi kelele kama tunavyoona kwenye filamu, kwa sababu mdomo uko majini. Kabla wageni hawajafika, zunguka nyumba yote: mwaga ndoo, funika mapipa kwa kitu kizito, funga kisima. Jiko la mkaa na chupa za chai vikae nyuma ya kizuizi.

Kuhusu michezo, mtafiti wa Marekani Mildred Parten alieleza mwaka 1932 jambo ambalo mlezi yeyote hulithibitisha akitulia kutazama: mtoto mdogo huanza kwa kucheza peke yake, kisha hucheza kando ya mwenzake bila kushirikiana naye, na ushirikiano wenye kanuni huja baadaye. Wa miaka miwili ukimlazimisha kugawana gari moja utapata kilio tu. Mpe mchanga, vikopo na maji kidogo mbele ya macho ya mtu wa zamu. Wa miaka minne na mitano wanaweza ukuti ukuti na nyama nyama. Wa miaka saba na kuendelea wana rede, kombolela, kuruka kamba, mdako na chandimu, nao hawahitaji spika kubwa wala mshereheshaji. Watenganishe na wadogo, kwani mpira wa mtoto wa miaka kumi na mmoja humwangusha wa miaka mitatu. Jumba la kuruka ukilikodi, waingie wa rika moja kwa zamu, wachache, na lifungwe upepo ukivuma.

Wazazi wengi huilaumu soda watoto wanapopagawa. Mwaka 1994 watafiti Hoover na Milich waliwapa watoto kinywaji kisicho na sukari, wakawaambia baadhi ya mama kwamba kina sukari nyingi. Mama hao waliona watoto wao wamechachamaa zaidi kuliko walivyoona mama wengine. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la JAMA haukuona sukari ikibadilisha tabia ya watoto. Kinachowachachamaza ni wenzao, kelele na furaha, na hayo ndiyo tuliyowaitia. Sukari nina sababu nyingine ya kuipunguza: chupa ya mililita 330 ya soda za kola ina takriban gramu 35, nayo huharibu meno na kujaza tumbo lisilobaki na nafasi ya chakula. Maji ya kunywa yawe mengi na karibu. Juisi ya ukwaju au ya embe isiyo na sukari nyingi itatosha.

Limebaki jambo ambalo familia huona aibu kulisema. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mara nyingi aliyewatendea alikuwa mtu wanayemfahamu. Sikukuu huleta wajomba, marafiki wa wajomba na majirani. Vyumba vya kulala vifungwe siku hiyo. Mtoto mdogo apelekwe chooni na mzazi wake au mtu wa zamu, na mlango wa nje wa choo uonekane. Asilazimishwe kukumbatia wala kukaa mapajani mwa mtu yeyote kwa sababu ya heshima, shikamoo inatosha. Picha za watoto wa wenzio usizirushe mitandaoni bila ruhusa ya wazazi wao. Namba ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania ni 116, iwekwe kwenye simu ya kila anayeshika zamu.

Saa ya kuondoka ikifika, mtu wa zamu ya mwisho asimame getini na orodha ya watoto na ya watakaokuja kuwachukua. Kila mtoto aondoke na aliyetajwa na mzazi wake, si na kaka wa jirani anayesema wanapita njia moja. Kukiwa na shaka, piga simu, mtoto angoje ndani.