Foto za zamani za Likasi: mupiga foto alisimama wapi?



Kuna foto ya Jadotville inayorudi kwenye simu zetu kila mara. Barabara pana na safi, miti imepandwa kwa mstari, magari machache ya miaka ya 1950, na terasi ya baa yenye viti vyeupe. Chini yake tunaandika maneno yale yale: "Jameni, tulikuwa na muji! Tuliuharibu sisi wenyewe." Mimi pia niliandika hivyo na nikaituma kwa marafiki. Kisha nikaipeleka Panda kwa nkambo wangu, nikijua atafurahi. Akaishika simu, akaangalia kwa muda mrefu, akaniuliza kitu kimoja tu:

"Mwana, mupiga foto alisimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Akasema: "Apa ni kwa bazungu. Miye nilikuwa mutoto, nilikuwa naleta mayai kwa nyuma, ku mulango ya ba-boyi. Kuikala pale mbele, hatukukuwa na lukusa."

Tangu siku ile sisomi tena foto ya zamani kama nilivyokuwa nasoma. Napenda niwaeleze namna ninavyofanya sasa, maana wengi wetu tunazo hizi foto, na tunazisambaza haraka kuliko tunavyozielewa.

Jambo la kwanza ni kutafuta wakati wake. Foto nyingi hazina tarehe, lakini zina alama. Jina Jadotville lilitokana na Jean Jadot, injinia Mbelgiji, kiongozi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwaka 1966 jina hilo liliondolewa na Likasi ikarudi, mwaka ule ule Élisabethville ilipokuwa Lubumbashi. Ukiona bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, hapo ni wakati Katanga ilipojitenga, kati ya Julai 1960 na Januari 1963. Ukiona kibao cha Gécamines, Union Minière imeshataifishwa (ilikuwa mwaka 1967). Wanaume wakivaa abacost bila kravati, hapo tuko Zaïre ya Mobutu. Nguo, magari na vibao vinasema mengi kuliko maneno ambayo mtu ameandika chini ya foto jana.

Muwe waangalifu pia na filamu. Ukitafuta neno Jadotville kwenye intaneti, kinachokuja kwanza ni wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, zaidi ya 150, waliozingirwa hapa kwetu mwezi wa Septemba 1961 na kujisalimisha baada ya siku tano. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini filamu yake ya mwaka 2016 ilipigwa Afrika Kusini. Usichukue kipande cha filamu ile ukakiita "Likasi ya zamani".

Jambo la pili njo lile swali la nkambo. Nani alipiga, na alikuwa anamupigia nani? Foto nyingi za kikoloni tulizo nazo zilipigwa kwa ajili ya kampuni, kwa ajili ya serikali ya Ubelgiji, ama kwa kuuzwa kama kadi za posta. Nyingi leo zimehifadhiwa Ubelgiji, nyingine katika jumba la makumbusho la Tervuren. Zilitakiwa kuonyesha kwamba kazi inaenda vizuri: nyumba za wafanyakazi katika mistari iliyonyooka, watoto wanapimwa kilo, kiwanda cha Shituru kinatoa shaba. Foto hizo hazidanganyi. Barabara ilikuwa safi kweli. Lakini mupiga foto alichagua upande wa kusimama, na upande mwingine ukabaki mgongoni mwake.

Kwa hiyo jambo la tatu ni kuuliza nini hakionekani. Kwenye terasi ile, Kikula haionekani. Haionekani sheria iliyomukataza Mwafrika kunywa pombe kali za Kizungu, wala ile iliyomukataza kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu bila karatasi. Haionekani Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakitaka mshahara bora, hapa Jadotville na kule Élisabethville, ambako askari waliwapiga risasi. Mji ulikuwa mzuri, ndiyo. Lakini uzuri ule ulikuwa na mpaka, na babu zetu wengi walikuwa ng'ambo ya mpaka.

Mupiga foto Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, ameliona jambo hili vizuri. Katika kazi yake ya mwaka 2006 inayoitwa "Mémoire" alichukua watu wa foto za kale za kampuni, weusi kwa weupe, akawaweka ndani ya foto zake za rangi za viwanda vilivyochakaa. Mfanyakazi wa zamani anasimama mbele ya vyuma vilivyoota kutu. Ukiangalia, huwezi tena kusema "zamani raha, leo shida" ukaishia hapo. Unalazimika kuuliza: kati ya hizi mbili palipita nini?

Palipita mengi. Kampuni ilikuwa inatoa nyumba, mposho, hospitali, shule, maji. Njo maana wazee wanasema kampuni ilikuwa baba na mama. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 1993 haikufika tani 50,000. Baba akifilisika, nani atasafisha mifereji? Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi. Nkambo alikuwa mmoja wao. Leo shaba na kobalti ya Kolwezi inapita katikati yetu kwa malori, kwenye barabara ya taifa namba 1, kwenda Lubumbashi na Kasumbalesa. Ukipiga foto ya barabara ile leo utapata vumbi na foleni. Mtoto wako ataiangalia na kuuliza: utajiri ule ulikuwa unaenda wapi? Basi lile neno "tuliuharibu sisi wenyewe" ni fupi mno.

Lakini sitaki kutuosha kabisa. Kuna kitu tulikifanya wenyewe, na hicho pia nilikipata kwenye foto.

Baada ya mazungumzo yale nkambo alifungua kasanduku kake ka bati. Akatoa foto ndogo, nyeusi na nyeupe: wanaume wanne kwenye nganda moja ya Kikula, miaka ya 1970, chupa za Simba mezani, wote wanacheka. Foto ilikuwa imekunjwa, na mkunjo ulipita kati ya mtu wa tatu na wa nne. Akanitajia majina matatu. Kwa wa nne akanyamaza.

"Huyu alikuwa mwenzangu wa kazi miaka makumi mbili," akasema mwishoni. "Mutu ya Kasai. Alienda na treni."

Wenye umri wa wazazi wetu wanajua maana yake. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao hapa Likasi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Walilala kwenye stesheni wiki na miezi wakingoja treni, na wengi walikufa, wengine pale stesheni, wengine njiani. Foto hii nkambo aliikunja mwaka ule, akaificha, kwa sababu kuonekana na mtu ule kulikuwa hatari. Hakuitupa. Ila hakuikunjua pia kwa miaka makumi tatu.

Hii njo Likasi ambayo haiko kwenye kadi za posta, na hakuna jumba la makumbusho litakalotutunzia. Iko chini ya vitanda vya wazee wetu, na mchwa na unyevu havingoji.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu afanye haya wakati wa likizo. Kaa na mzee mmoja. Omba foto zake, na omba ruhusa kabla ya kuzituma popote, maana watu walio ndani wana watoto wao. Zipige kwa simu kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Upande wa mbele na upande wa nyuma pia. Uliza nani, wapi, mwaka gani, na nani alipiga. Andika majina nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole, kwani bic inapenya karatasi. Weka nakala mahali pawili. Kitu usichokijua, usikibuni.

Foto ya nkambo sijaituma kwa mtu, na sitaituma mpaka tupate jamaa wa yule mtu wa nne. Tunawatafuta. Lakini siku ile kabla sijaondoka, nkambo aliigeuza, akaniambia niandike. Sasa nyuma yake kuna majina manne.