Kardinali Rugambwa na Shule za Misioni

Wako watu, hata hapa Mwenge, wasemao kwamba marehemu Kardinali Laurean Rugambwa hakuwa mtu wa siasa. Sisi hatukubaliani nao. Ni kweli hakugombea kiti wala hakuhutubia jukwaani. Lakini tangu lini siasa ikaishia jukwaani?

Alizaliwa Bukoba mwaka 1912, katika ukoo wa kitawala wa Kihaya, akapadirishwa mwaka 1943. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho. Tarehe hiyo yafaa ikumbukwe. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado yapepea Tanganyika, na Mwafrika akiambiwa hajakomaa kujitawala. Kumbe mwenziwe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wamchaguao Papa! Mwaka 1963 alipiga kura hiyo Roma.

Mwisho wa mwaka 1968 aliteuliwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, na mtihani ukamkuta huku. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali uwezo wa kuzitwaa shule za mashirika ya dini. Haki ya jambo hilo twaiona wazi: mtoto wa Mwislamu alikuwa amebaki nyuma kwa sababu tu shule nyingi zilikuwa za misioni. Hata hivyo tusidhani lilikuwa jepesi kwa walionyang'anywa. Shule zile zilijengwa kwa jasho na sadaka za waumini, na Kardinali mwenyewe alikuwa tunda la elimu hiyo. Tena wako wakuu wa Kanisa waliouhofu ukomunisti.

Pamoja na hayo, maaskofu walikuwa wameandika mwaka 1968 kuyaunga mkono madhumuni ya Azimio la Arusha. Na shule zilipotwaliwa, Kanisa halikuwaita waumini kugombana na TANU. Seminari zikabaki mikononi mwake. Kule Zaire, mwaka 1972, Kardinali Malula aligongana na Mobutu hata akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Hatusemi Malula alikosea. Watawala wawili hao hawakufanana.

Rugambwa alistaafu Julai 1992. Mwezi Februari mwaka huo huo Serikali na makanisa walikuwa wametia sahihi makubaliano juu ya huduma za elimu na afya. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, mkesha wa sikukuu ya Uhuru. Leo mfanyakazi wa Ukonga, awe wa dini yoyote, hutibiwa katika hospitali yenye jina lake.