Laptopu ya Kikundi Imekwama: Faili Kwanza, Sistemu Baadaye

Kuna vikundi vya akiba hapa Bunia ambavyo havitegemei tena daftari peke yake. Hisa, mikopo na faini vinaandikwa kwenye laptopu moja ya zamani, na jioni laptopu hiyohiyo inatumiwa na mtoto wa chuo kuandika TFC yake. Siku fundi anaposema, "Mama, sistemu imekataa kuingia," kinachokuwa hatarini si bei ya mashini tu.

Sistemu ni ile programu kubwa inayoendesha kompyuta nzima, kama Windows. Watu wengi wanaibadilisha sasa kwa sababu tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Lakini Windows 11 inachagua mashini. Inataka angalau GB 4 za memori, GB 64 za nafasi kwenye diski, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Laptopu nyingi za kabla ya 2017 hazikubaliwi. Hapo hakuna kilichoharibika, ni mashini tu isiyotimiza masharti.

Sababu nyingine ni za kila siku. Kuranti inakatika katikati ya kazi na batri ya zamani haiwezi kushika hata dakika tano. Fulashi ni ya bandia: imeandikwa GB 64, kumbe ndani ni 8. Faili ya sistemu ilishushwa kwenye intaneti ikafika nusu. Au ile batri ndogo ya saa, ya mviringo kama kifungo cha koti, imekufa, na kompyuta inadhani tuko mwaka 2009.

Kuna ujumbe mmoja wa kuogopa kuliko yote. Kompyuta inasema kwamba sistemu haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu ni ya aina ya GPT, au MBR. Maana yake ni kwamba diski imepangwa kwa mtindo mmoja na fulashi inawashwa kwa mtindo mwingine. Fundi mwenye haraka anafuta diski yote, tatizo linaisha, na hesabu za kikundi zinaisha nalo. Fundi mwenye subira anabadilisha namna ya kuwasha kompyuta, au anatengeneza fulashi upya ilingane na diski, bila kugusa faili hata moja. Mwambieni mapema ni njia ipi mnayotaka.

Na faili zinaokolewa vipi wakati mashini haiwaki? Inawezekana kuwasha kompyuta kwa sistemu ya Linux iliyo ndani ya fulashi, bila kuiweka kwenye diski. Mtu anafungua diski ya zamani, ananakili hesabu, TFC na picha za ubatizo kwenye diski nyingine. Fundi anaweza pia kutoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nzima. Kisha msiamini kwa macho tu: fungueni faili chache kule zilikonakiliwa, muone kama zinasomeka. Na ikiwa diski inagonga kwa ndani, ka-ka-ka, zimeni mashini mara moja. Kila jaribio jipya linaimaliza.

Ikiwa mtu amekwisha kufuta, acheni kuweka kitu chochote. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, faili zilizofutwa kwa haraka mara nyingi bado zipo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake.

Faili zikiwa salama, laptopu iliyokataliwa na Windows 11 bado inaweza kufanya kazi. Linux Mint ni ya bure, ina Kifaransa, na inaridhika na GB 2 za memori, ingawa kwa GB 4 inatembea vizuri zaidi. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel. Kwa daftari la akiba hiyo inatosha kabisa, kwa maoni yangu. Wekeni mchana, batri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, si kwa jenereta inayopanda na kushuka. Printa na modemu vijaribiwe kwanza kwenye fulashi, kabla sistemu haijaingia kwenye diski.