Kukaza Kasiba: Kitendo na Istilahi Zake

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kasiba ya bunduki inavyokazwa katika mtambo wake, na kuonyesha kwamba istilahi nyingi zinazohitajika zimo tayari katika Kiswahili. Kasiba ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako humaanisha mwanzi. Mtambo, katika bunduki, ni sehemu inayopokea kasiba na kubeba komeo, yaani chuma kinachoifunga risasi ndani.

Tuchukue mfano wa bunduki ya Mauser ya mwaka 1898. Tako la kasiba limechongwa hesi kama parafujo, nalo huzungushwa hadi uso wake uguse ukingo ulio ndani ya mtambo. Hadi hapo fundi amezungusha tu, hajakaza. Akiongeza nguvu, hesi huvuta, ukingo huzuia, na chuma hunyumbuka kidogo mno. Huo ndio mkazo. Wanafonolojia hulitumia neno hili kwa nguvu ya sauti katika silabi. Hapa ni nguvu inayobaki ndani ya chuma baada ya mkono kuondolewa.

Mkazo ukiwa haba, kasiba huweza kulegea kwa mishindo, na shabaha hupotea. Ukizidi, hesi huharibika. Yafaa pia kutofautisha kukaza na kubana. Kasiba hubanwa katika jiriwa, kati ya vipande vya mbao, isiteleze wala isichubuke. Mtambo hushikwa kwa spana iliyochongwa kulingana na umbo lake, usije ukapindika. Kubana ni kushika kutoka pande mbili. Kukaza ni kuondoa ulegevu.

Agizo la "kaza sana" halitoshi. Nguvu ya pauni 50 kwenye mpini wa futi 2 ni sawa na ya pauni 100 kwenye mpini wa futi 1, yaani takriban Nyutoni-mita 136. Isitoshe, hesi zilizopakwa grisi hupunguza msuguano, hivi kwamba nguvu ile ile huzaa mkazo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kipimo kisichotaja hali ya hesi ni nusu ya maelezo.

Mwishowe fundi hutazama kama alama ya kasiba imelingana na ya mtambo, kisha hupima kwa vipimo maalumu nafasi iliyopo baina ya uso wa komeo na tako la risasi. Nafasi ikizidi, ganda laweza kupasuka na gesi kumrukia mpigaji usoni. Kasoro hiyo haiponywi kwa kukaza zaidi.

Ni dhahiri, basi, kwamba mfasiri wa maelekezo ya ufundi akiandika "zungusha" au "bana" mahali pa "kaza", hakukosea mtindo tu. Ameifuta hatua ambayo usalama wa mtu umeitegemea.