Ukaguzi wa Makosa katika Faili za XML: Mfano wa Kamusi ya Kiswahili

Utangulizi

Kamusi inapotayarishwa kwa kompyuta, mara nyingi matini yake huhifadhiwa katika XML, lugha ya kuwekea matini alama ambayo kanuni zake zilitolewa na shirika la W3C mnamo mwaka wa 1998. Mwongozo wa TEI, unaotumiwa na wanaisimu na wanafasihi wengi kusimba matini, nao umejengwa juu ya XML. Makala haya yanaeleza namna faili ya aina hii inavyokaguliwa katika kihariri cha msimbo, pamoja na mipaka ya ukaguzi huo. Tuchukue ingizo lifuatalo kuwa mfano:

<ingizo>
<kidahizo>kiti</kidahizo>
<ngeli>KI-VI</ngeli>
<maana>kifaa cha kukalia</maana>
</ingizo>

Makosa ya ingizo kama hili hujitokeza katika viwango vitatu: umbo, muundo na ukweli wa lugha.

Makosa ya Umbo

Kila tagi inayofunguliwa sharti ifungwe, na iliyofunguliwa mwisho ndiyo hufungwa kwanza. Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Hivyo <Ngeli> haiwezi kufungwa kwa </ngeli>. Aidha, alama & na < haziandikwi hivi hivi ndani ya matini, bali huandikwa &amp; na &lt;. Kosa moja tu la umbo latosha kuifanya faili nzima isisomeke, hata ikiwa na maelfu ya maingizo, kwa kuwa kanuni zinaitaka programu isitishe uchanganuzi wa kawaida badala ya kukisia alichokusudia mwandishi.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni ritifaa. Anayeandika neno='ng'ombe' ndani ya tagi amekosea, kwani mashine huichukulia ritifaa ya ng' kuwa alama ya kufunga, kisha ikakwama kwenye masalio yanayofuata. Njia salama ni kutumia alama mbili za mtajo: neno="ng'ombe".

Makosa ya Muundo

Faili yaweza kuwa na umbo sahihi na bado ikakiuka mpango wa kamusi. Kwa mfano, ingizo likakosa ngeli, au maana ikatangulia kidahizo. Mpango huo huelezwa katika kanuni ziitwazo skima, ambazo huweza kuandikwa kwa DTD, XML Schema au RELAX NG. Skima ikiorodhesha ngeli zinazokubalika, atakayeandika KI-V badala ya KI-VI hukosolewa papo hapo.

Namna ya Kukagua

Vihariri kama oXygen na Emacs vina uwezo wa kukagua XML, ilhali Visual Studio Code huongezewa kiendelezi cha kazi hiyo. Aghalabu kosa hupigiwa mstari mwekundu na nambari ya mstari wake hutajwa. Mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, kosa la juu kabisa lirekebishwe kabla ya mengine, kwani huenda yaliyo chini yamezalishwa nalo. Pili, mahali panapotajwa si lazima pawe chanzo cha kosa: <maana> isipofungwa, lawama huangukia </ingizo>. Tatu, ihakikishwe kuwa faili imeunganishwa na skima yake. Bila kiungo hicho kihariri hukagua umbo pekee, na mhariri anayeona ukurasa usio na mstari mwekundu anaweza kudhani kuwa muundo nao umekaguliwa.

Hitimisho

Kiwango cha tatu kimebaki nje ya ukaguzi huu. Mtu akiandika <ngeli>LI-YA</ngeli> chini ya kidahizo kiti, kihariri hakitalalamika, kwa kuwa LI-YA imo katika orodha ya ngeli na tagi zote zimefungwa. Vivyo hivyo, fasili potovu hupita bila kuguswa. Ni mjuzi wa Kiswahili pekee atakayeyagundua makosa hayo, na asipoyagundua yatamfikia msomaji yakiwa yamechapishwa. Kwa hivyo, inafaa wanafunzi wa leksikografia wajifunze kutumia vihariri hivi ili wasipoteze siku wakisaka tagi, na muda wanaouokoa wautumie kusoma upya kila ingizo.