Sanamu ya Dhahabu Haishibishi



Tunapowaona wachezaji na waandishi wa michezo ya televisheni ya Marekani wamevaa nguo za fahari, wakipokea tuzo, tunadhani wote ni matajiri. Sivyo. Wengi wao ni watu wa kuajiriwa kama sisi. Wana vyama vyao, na hugoma.

Tuzo kubwa ya televisheni huko ni Emmy, iliyoanza mwaka 1949. Ni sanamu ya dhahabu ya mwanamke mwenye mabawa. Mshindi hupewa sanamu na makofi, hapewi fedha. Faida ya sifa hiyo huiendea kampuni, maana mchezo ulioshinda huvuta watazamaji.

Tazameni mfano. Mwaka 2023 mchezo uitwao The Bear, unaoeleza maisha ya wapishi wa mkahawa mjini Chicago, ulishinda tuzo ya chama cha waandishi. Alex O'Keefe, mmoja wa waandishi wake, alikwenda kwenye sherehe hali akiba yake benki iko chini ya sifuri. Suti alinunuliwa na jamaa na rafiki, tai aliichukua kwa mkopo.

Kwa nini iwe hivyo? Zamani, mchezo uliporudiwa kwenye televisheni, mwandishi na mchezaji walipata malipo ya marudio. Malipo hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1960 waandishi na wachezaji waligoma ili wapate fungu lao kila filamu za sinema zinapouzwa kwa televisheni.

Kisha makampuni yakahamishia michezo kwenye intaneti, ambako mtu hutazama saa aitakayo. Huko malipo yalikatwa mapema, mchezo utazamwe na watu elfu au na mamilioni. Hesabu ya watazamaji ikawa siri ya kampuni. Ni kama mchuma chai anayepimiwa mzigo kwa mzani asioruhusiwa kuusoma.

Chama cha wachezaji kina wanachama wapatao 160,000. Mwaka 2023, ili mtu apate bima ya matibabu ya chama, ilimpasa achume dola 26,470 kwa mwaka. Zaidi ya wanane katika kila kumi hawakufika hapo. Wachache wanaong'aa kwenye sherehe huwaficha hao walio wengi.

Basi waligoma. Waandishi walianza tarehe 2 Mei 2023 wakakaa nje siku 148. Wachezaji waliwafuata tarehe 14 Julai, siku 118. Sherehe ya Emmy iliyopangwa Septemba mwaka huo ikaahirishwa hadi Januari 2024, maana nani angeiandika, na nani angepanda jukwaani? Hata mwaka 1980, wakati wa mgomo, karibu wachezaji wote walioteuliwa waliisusia sherehe hiyo. Kati ya wachezaji walioshinda, aliyekwenda kupokea ni mmoja tu.

Mgomo wa 2023 ulizaa matunda. Katika mkataba wa waandishi wa mwaka huo, mchezo ukitazamwa na theluthi—hapana, na moja ya tano ya wateja wa nchini katika siku 90 za kwanza, mwandishi huongezewa nusu ya malipo yake ya marudio. Na kampuni hulazimika kukionyesha chama hesabu ya saa zilizotazamwa.

Sisi nasi tunaijua zawadi ya mfanyakazi hodari siku ya Mei Mosi. Mmoja huitwa mbele, hupewa baiskeli au redio, hupigwa picha na meneja. Hatuikatai. Mpongezeni ndugu yenu kwa moyo mweupe, kwani ameitolea jasho. Lakini kesho yake ulizeni: kiwango cha kilo ni kipi? Nani anasoma mzani? Anayeugua anatibiwa na nani?

Zawadi hutolewa na mwajiri apendapo, kwa mtu ampendaye. Mkataba ni haki ya wote, nao hupatikana kwa umoja.