KATI YA TABO NA TAABU
Kijana wa Mombasa na injini isiyo na pistoni

"Kakangu, njoo umwone mwanao. Anachoma mahari ya watu katika vyuma."

Hayo ndiyo maneno aliyonitumia dada yangu jioni moja, nami sikuwa na budi ila kuvaa kanzu yangu na kuteremka hadi kwake. Mjomba ni mjomba, wasomaji wapenzi. Mambo yakiwa mazuri husahaulika, lakini yakiharibika huwa wa kwanza kuitwa.

Nalimkuta kijana mwenyewe uani, amechutama juu ya turubai, mikono myeusi kama kaniki. Mbele yake palikuwa na gari la Kijapani, Mazda RX-8, limefunguliwa kifua na halina moyo. Moyo wenyewe ulikuwa juu ya meza ya mbao, umetengwa vipande vipande, na kila kipande kimewekwa juu ya karatasi yenye namba. Akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," kisha akanisogezea kiti na kuinamisha kichwa, kama mwanafunzi wa chuoni anayeujua ubao aliofutiwa.

Nilikwenda kulaumu. Lakini mtu hawezi kukilaumu asichokijua, basi nikamwambia, "Kwanza nieleze, hiki ni kitu gani?"

INJINI YA PEMBE TATU

Sisi tuliokulia katika magari ya kawaida twaijua pistoni. Hupanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi katika kinu, na krenki ikaugeuza mwendo ule ukawa mzunguko. Injini hii haina mchi wala kinu. Ina rota, chuma cha pembe tatu kilichofura mbavu, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Pembe zile tatu hazibanduki ukutani. Kila upande wa rota hupitia kazi zote nne: huvuta hewa na petroli, huibana, huiwasha, kisha hutoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, mhimili wake huzunguka mara tatu. Hakuna vali, wala hakuna kitu cha kupanda na kushuka, na kwa hiyo injini ni ndogo, nyepesi, na huenda kasi bila kutetemeka.

Aliyeibuni ni Mjerumani, Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902 na kupata hataza yake ya kwanza ya injini ya namna hii mwaka 1929. Ilimchukua miaka mingi. Mwaka 1957 ndipo injini ya majaribio ilipozunguka katika kiwanda cha NSU, na mwaka 1964 NSU wakauza gari la kwanza lenye injini hiyo. Gari lao la pili, Ro 80 la mwaka 1967, lilisifiwa mno, lakini sili za pembeni mwa rota zilikuwa zikilika upesi, na gharama za kuwabadilishia wateja injini zikawaelemea.

Walioibeba bendera ni Wajapani wa Hiroshima, mji ulioteketezwa kwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945. Kampuni ya Toyo Kogyo, ndiyo Mazda, ilitia saini mkataba na NSU mwaka 1961. Mhandisi Kenichi Yamamoto akakabidhiwa kazi hiyo na wenzake, jumla watu 47. Tatizo lao kubwa lilikuwa mikwaruzo iliyotokea ndani ya ukuta wa injini, mistari kama ya kucha, nao wakaipa jina la makucha ya shetani. Walijaribu vitu vingi kwa ajili ya sili zile mpaka wakapata mchanganyiko wa kaboni na alumini uliotulia. Mwaka 1967 gari lao la Cosmo Sport likatoka. Na mwaka 1991, katika mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa, Mazda 787B yenye rota nne ilikamilisha mizunguko 362 na kushinda. Hapo kabla gari la Kijapani halijapata kushinda mbio hizo.

"Kumbe ni kitu chenye nasaba," nikamwambia.

"Nasaba ndiyo iliyonitia mashakani, mjomba," akajibu.

GARI RAHISI LINA SABABU YAKE

Magari haya yalikuwa yakiteremshwa hapa bandarini Kilindini pamoja na mitumba mingine kutoka Japani. RX-8 iliundwa tangu mwaka 2003 hadi 2012. Mtu hulinunua kwa uzuri wa umbo lake, akaliendesha kama aendeshavyo gari la pistoni, na hapo ndipo mambo huharibika. Injini ya rota hula oili kwa makusudi. Ina pampu ndogo inayodondosha oili ndani ya chumba ili sili zisikauke. Asiyejua husubiri tarehe ya gereji, na huku oili imekwisha. Injini ikifa mwenye gari huchoka nalo, akaliuza kwa bei ya chuma chakavu. Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyolipata lake.

Naye hakutaka kulifufua tu, alitaka kulitia tabo. Tabo, kwa asiyejua, ni kipepeo cha chuma kinachosukumwa na moshi wa ekzosi, nacho kikasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Hewa ikizidi na petroli ikazidi kwa kadiri yake, nguvu nazo huzidi. Injini ya rota hupatana sana na tabo, kwa kuwa moshi wake hutoka kwa kishindo na kwa joto kali.

Lakini injini aliyokuja nayo RX-8 si nzuri kwa kazi hiyo. Hubana hewa mara 10, na milango yake ya moshi iko ubavuni. Injini za RX-7 zilizoundwa kiwandani kwa ajili ya tabo zilibana mara 8.5 au 9 tu, na moshi wake hutoka moja kwa moja katika ukuta wa nje. Basi akaitafuta injini kuukuu ya aina hiyo, iitwayo 13B, rota mbili, kila chumba sentimita za ujazo 654, jumla 1308. Aliipata katika shehena ya vipuri chakavu. Ilikuwa imekufa pia, lakini ilikuwa na mwili wa kufaa.

PALE ALIPOJIKWAA

Kuifungua si uchawi. Ni matabaka matano yaliyobanwa pamoja kwa boliti ndefu. Nati ya nyuma, inayoshika gurudumu zito, ni ya milimita 54, na spana yake haipo katika sanduku la kila fundi. Alitengenezewa na mchomeleaji wa mtaani kutokana na bamba zito, akaifungua kwa bomba refu na vijana wawili wakining'inia.

Ndani, kwa rota mbili, mna sili 6 za pembe, 12 ndogo za kona na 12 za ubavuni, kila moja na springi yake. Ile ya pembe ina upana wa kama milimita 2 tu. Alinunua mpya zote. Lakini zile pete za mpira zinazozuia maji yasipenye baina ya matabaka, alizitazama akaona bado zang'aa, akazirudisha za zamani ili abakishe pesa.

Siku ya kwanza injini iliwaka. Siku ya tatu ikatoa moshi mweupe na plagi zikawa mbichi. Maji yameingia. Kazi ya miezi miwili ikafunguliwa tena, na gaskiti na gundi zikanunuliwa upya. Pesa hizo, wasomaji wangu, ndizo zilizotoka katika mkoba wa mahari. Posa ilikwisha kukubaliwa na wazee walikwisha kula halua. Baba wa binti alikuwa akisubiri kimya, na kimya cha mkwe ni kizito kuliko matusi.

"Rahisi ghali," nikamwambia. Hakujibu, akaendelea kupangusa rota kwa kitambaa.

DAFTARI MBILI

Sikumwambia aache. Ningemwambia aache ningepata kijana mwenye gari lililokufa, mahari pungufu, na moyo uliovunjika, hasara tatu kwa pamoja. Nilimwomba anunue daftari mbili. Moja ni ya gari na moja ya mahari. Kila Ijumaa baada ya sala aniletee zote mbili nizisome. Na sharti likawa moja: shilingi ya mahari haivuki kizingiti cha gereji. Mahari ni haki ya mwanamke, si akiba ya mafundi.

Akayakubali. Akauza vipuri vya injini ile ya kwanza vilivyokuwa vizima, na viti vya ngozi, na magurudumu ya fahari, akarudisha alichokichota. Gari likalala miezi saba bila kuguswa. Na daftari ile ikanifunza jambo ambalo wajenzi wa magari haya huku na huko duniani walikwisha kulijua: kuna pa kubana pesa na kuna pasipobanwa.

Pa kubana: tabo yenyewe. Yake aliitoa katika lori la dizeli lililoanguka, kwa bei ndogo. Haina dhamana, maana moshi wa dizeli hauna joto kama wa rota, na huenda isidumu. Lakini ikifa yeye ataijua mapema, na lori jingine halitakosa kuanguka. Mabomba alikata na kuunga mwenyewe. Vishikizo vya injini alichonga mwenyewe. Rangi ameiacha ilivyo, na kila mlango una rangi yake.

Pasipobanwa ni sili, pampu ya petroli, rejeta, kipoza oili, na kompyuta ya injini pamoja na mtu anayejua kuipanga. Kwa nini? Kwa sababu adui wa injini hii ni kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Pistoni huweza kuvumilia kugonga kidogo. Sili ya pembe huvunjika papo hapo, vipande vyake vikatoka na moshi, vikaenda kuyapiga mapanga ya tabo. Kosa la nukta moja huua viwili. Ndiyo maana ameweka msukumo wa tabo chini, kama nusu tu ya uzito wa hewa ituzungukayo, na saa tatu juu ya dashibodi: ya joto la maji, ya oili, na ya mchanganyiko wa petroli.

Jambo moja lilinifurahisha. Katika tangi la petroli yeye huchanganya oili kidogo, ili sili zipate mafuta zaidi. Nikacheka, nikamwambia, "Mbona hivyo ndivyo wavuvi wetu wafanyavyo na mashine zao za mashua?" Akanijibu, "Mjomba, mvuvi mmoja wa Mtongwe ndiye aliyenionyesha kipimo."

Nami nilikuwa na sharti langu la mwisho. Namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari. Injini ikibadilishwa, kitabu nacho kibadilishwe, na kampuni ya bima iambiwe ukweli. Gari lenye nguvu mara mbili likiendeshwa kwa karatasi za gari jingine ni uongo unaokwenda kwa magurudumu.

SIKU YA HARUSI, NA SIKU NYINGINE

Harusi ilikuwa Mfungo Mosi, baada ya Idi. Mahari ilitimia mpaka shilingi ya mwisho. Bwana harusi alikwenda kuoa katika gari la kuazima, maana lake lilikuwa bado juu ya matofali uani. Watu walimtania usiku kucha, naye akacheka pamoja nao.

Miezi minne baadaye aliniita, baada ya alasiri. Alikwisha kuchomoa plagi moja na kufunga petroli, akanitaka nisikilize tu. Alipozungusha nikasikia pumzi: puf, puf, puf, tatu tatu, zote sawa. Kila pumzi ni upande mmoja wa rota. Ikiwa moja ni dhaifu, sili moja imekwisha. Kisha akarudisha plagi, akawasha. Haikunguruma kama lori. Ilivuma kama nyuki waliokasirika ndani ya mzinga wa bati. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, mkewe kijana nyuma yake. Alisimama kitambo, kisha akauliza, "Ndiyo hii iliyokula mahari?"

"Iliyokopa, mama," mwanawe akasema. "Na imelipa."

Dada akatikisa kichwa akarudi kwenye chungu chake. Lakini niliona ameuacha mlango wazi ili apate kusikia.

Wasomaji wangu, sina hukumu kubwa ya kutoa. Vijana wetu wana mikono na wana akili, na ufundi si israfu ukiwa na hesabu. Hata Mazda wenyewe, baada ya kuacha RX-8, waliirudia rota mwaka 2023, safari hii kama jenereta ya kuchaji gari la umeme. Kitu kilichokataliwa mara nyingi kimepata kazi mpya. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani magharibi inaingia, beti hili lilinijia, nami nalitoa kwa kila kijana mwenye spana mkononi na posa mlangoni:

Fundi kwanza pima joto, ndipo uongeze kasi,
Haraka ya motomoto, huvunja chuma upesi,
Deni la watu ni zito, usilifanye jepesi,
Tabo isiyo kiasi, ni taabu kwa mwenyewe.